Gari la Jiko Lisilotoa Ukoko

Siku niliyoaga kazi, mkuu wa kambi alisimama akasoma vyeo vyangu vyote mbele ya vijana, akakosea viwili, na mimi sikumsahihisha. Kisha akaniuliza nataka nipewe zawadi gani. Wenzangu waliotangulia walipewa saa za ukutani, na nawajua wastaafu wenye saa mbili nyumbani ambazo hazijapata kukubaliana. Nikasema nataka kifuniko cha lile gari bovu la jiko lililolala nyuma ya ghala. Watu wakacheka. Mkuu akadhani nafanya mzaha, akaniuliza tena, nami nikamjibu vile vile. Jioni nikatoka getini nimekibeba kichwani ndani ya gunia, na mlinzi, kijana anayekula wali wangu tangu alipojiunga, akanisimamisha kunipekua.

Nyinyi vijana wa jikoni mmekuwa mkiniuliza tangu siku ile kifuniko kile cha nini. Naandika haya kuwajibu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili, na faili lina wenyewe. Nitaandika habari za moto, za mchele, na za mtu mmoja akiitwa Mzee Feruzi. Kama si yeye mimi nisingekuwa mpishi, na pengine nyinyi mngekuwa mnakula vyakula vya makopo.

Nilianza mwaka ule ule wa Mapinduzi, 1964. Nilikuja mjini kutoka kwetu Mkokotoni nikitaka bunduki. Kila kijana wa rika langu alitaka bunduki. Yule aliyekuwa akituandikisha aliitazama mikono yangu, akaniuliza kwetu nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikamwambia nachoma chokaa. "Basi wewe moto waujua," akasema, akanipeleka jikoni. Niliona nimetukanwa. Baadaye nilimshukuru sana mtu yule, ila sikupata kumwona tena nimwambie.

Jiko lilikuwa banda la makuti nyuma ya mabweni, na ndani mafiga yamepangwa safu mbili, juu yake sufuria kubwa kubwa ambazo ukitaka kuziosha lazima uingie ndani. Mkuu wa hapo ni huyo Mzee Feruzi. Alikuwa mtu wa Ng'ambo, babu zake walitoka Mrima, pwani ya bara, mwembamba mno kwa mpishi, na kofia yake ya viua haikupata kuingia moshi, sijui kwa dawa gani. Kabla ya kuja jeshini alikuwa akipika kwenye harusi, za Mjini na za Ng'ambo, za wenye nacho na za wasio nacho. Hakupata kutuambia nani alimlipa vizuri. Alituambia nani walikula vizuri.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Wapika?"

"Sipiki, Mzee. Nachoma chokaa."

"Vyema. Anayejidai ajua ndiye hunisumbua."

Akanipa koleo na karai, akaniweka kwenye makaa. Miezi ya mwanzo sikugusa mchele kabisa, kazi yangu ilikuwa kupalia. Nyinyi mliokulia kwenye gesi nikuelezeni kidogo. Wali wa nazi, tui likikaribia kukauka, unauondolea moto wa chini, unaubakishia kidogo tu, unafunika, kisha makaa unayaweka juu ya kifuniko. Wali unakaa baina ya mioto miwili midogo. "Moto wa chini wapika, wa juu wamaliza," Mzee alikuwa akisema. Alinifundisha kuinamisha sikio. Sufuria ikiwa na maji inanung'unika, ikikaukiwa inanyamaza, na ukimya huo ndio saa yako ya kupalia. Ukichelewa umeunguza, ukiwahi umepika uji. Nilichelewa mara nyingi na kuwahi mara nyingi, na hakuna siku aliyonifokea mbele ya watu. Alikuwa akinifokea tukiwa wawili, tena kwa sauti ya kunong'ona, na ilikuwa ikiuma zaidi.

Na ukoko, je! Sijapata kuona askari anayepigania cheo kama walivyokuwa wakipigania ukoko. Wali uliopaliwa vizuri huacha chini ya sufuria tabaka kavu, jekundu, lenye harufu ya nazi, linalolia mdomoni ukilitafuna. Sufuria zote kwa pamoja hazitoi ukoko wa kutosha kambi nzima. Mzee Feruzi akaweka sheria: ukoko ni wa waliotoka lindo. Aliyekesha ndiye mwenye ukoko, hata akiwa kuruta, na aliyelala hapati, hata akiwa nani. Mkubwa wetu wa kambi wa siku zile alikuja siku moja mwenyewe na sahani yake.

"Ulikuwa lindo, Mkubwa?" Mzee akamuuliza.

"Siku hizi silindi, Mzee."

"Basi nna wali mzuri sana wa katikati, nikutilie?"

Mkubwa akacheka akaondoka. Wiki ile ile akajiandika lindo pamoja na kuruta wake, na asubuhi akaja na sahani. Alipewa. Watu wa namna ile ndio waliotulea, na mimi nikiwakumbuka moyo hunipoa.

Kazi ngumu zilikuwapo. Ramadhani tulikuwa tukiwapelekea futari waliokuwa wakilinda pwani ya Fumba, na mwaka mmoja mvua ilitukuta huko huko, kuni zimerowa na upepo unazima kila tunachowasha. Mzee alivua koti lake la mvua akaifunika nalo sufuria, yeye akabaki na shati. Wali uliiva kabla ya adhana. Yeye alirudi mjini na homa, na alipopata nafuu swali lake la kwanza lilikuwa kama chumvi ilitosha.

Basi, katika hali hiyo, ndipo alipokuja Bwana Falk.

Bwana Falk alikuwa wakala wa kampuni moja ya Ulaya iliyokuwa ikiuza vitu vya majeshi: mahema, viatu, darubini, mashine za kila namna. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Bwana Falk alikuwa akitembea sana. Hakukosa harusi ya afisa wala maziko ya mzazi wa afisa. Alijifunza neno "Shikamoo" na akawa analigawa bila ubaguzi, anawaamkia hata kuruta wa umri wa wanawe, nao wanaitikia "Marahaba" kwa raha zao. Kwa mtu wa kucheka naye alikuwa hana kasoro.

Rafiki yake mkubwa alikuwa afisa aliyesimamia manunuzi, ambaye sisi jikoni tukimwita Bwana Ugavi. Jina lake silitaji, kwa sababu watoto wake wananisalimia vizuri njiani. Kwanza nyumbani kwake lilifika friji, na mtaa mzima ukaenda kutazama barafu. Kisha akaalikwa Ulaya kutembezwa kiwandani. Alirudi na koti zito, akawa analivaa katika jua letu hili mpaka linatota jasho, na akarudi na neno moja: kisasa. Viatu vyetu havikuwa vya kisasa. Mahema yetu hayakuwa ya kisasa. Na jeshi la kisasa, akasema siku moja amesimama mlangoni mwa banda letu, haliwezi kupika kwa mafiga. Mimi sikuona chochote kikipita mkono kwa mkono, na nisichokiona sikisemi. Ila mkono mtupu haulambwi, na wa Bwana Falk ulikuwa ukilambwa mchana kweupe.

Gari la jiko lilishushwa bandarini, likavutwa na lori mpaka kambini, na kambi nzima ikatoka kulitazama. Lilikuwa kubwa, la kijani, lina magurudumu manne, bomba la moshi, na pipa nene la kupikia ambalo kifuniko chake cha chuma kilikazwa kwa skrubu, kikalalia juu ya mpira ili mvuke usitoke. Likipika kwa mafuta ya taa. Bwana Falk akatueleza kila kitu, mkalimani akitafsiri, mpaka akafika kwenye kifaa kimoja ubavuni cha kuzuia maji yasigande.

"Yagande kwa nini?" Mzee Feruzi akauliza.

"Kwa baridi," mkalimani akasema.

Mzee akatazama jua, akafuta shingo. "Mwambie kifaa hicho chafanya kazi vizuri sana."

Lakini msidhani alilikataa gari. Nasisitiza hapa, kwa sababu baadaye yalisemwa mengine. Alilipokea kama alivyokuwa akimpokea mpishi mgeni. "Chombo kipya kina tabia yake," alituambia, "kijueni kwanza." Tukalipikia wali wa kwanza. Ulitoka mweupe, laini, sawasawa toka juu mpaka chini, umelegea kama wa mgonjwa. Waliotoka lindo wakaja na sahani zao mlango wa nyuma, kama kawaida. Tukawaonyesha pipa. Wakachungulia mmoja mmoja.

"Mzee," mmoja akauliza, "ati gari hili halina chini?"

Mzee alipunguza maji, akaongeza. Alipunguza moto, akaongeza. Siku zikapita na wali ni ule ule, na askari wanakula wakinung'unika, na lindo wameanza kuja wamenuna. Mwisho Mzee akatukusanya akasema kosa amelijua: gari halipaliwi. Sote tukaona amesema kweli, tena tukajiona wajinga kwa kutoliona mapema. Hata mkalimani, ambaye alisoma, alisema, "Kumbe!" Tulikuwa na kitabu cha maelezo kilichokuja na gari, na kitabu kile kilikataza mambo mengi sana. Kupalia hakikukataza. Aliyekiandika, maskini, hakupata kumwona mtu akiweka moto juu ya chakula.

Basi tukapalia. Makaa ya vifuu, mekundu, tukayatandaza juu ya kifuniko kama inavyopasa. Kwanza ikaja harufu ya nazi, tukafurahi. Kisha ikaja harufu nyingine, ya mpira, na baada yake mvuke ukatoka pembeni kwa mlio ambao sikuwa nimeupata kuusikia. Mlinzi wa geti akalala chini akaelekeza bunduki baharini. Mpishi mmoja mnene alitoka kwa kupita ukutani, na bahati yake ukuta ulikuwa wa makuti. Hakuna aliyeumia. Mpira uliyeyuka wote, na kifuniko kikabaki na madoa meusi ya duara kila mahali kaa lilipokaa. 

Bwana Ugavi alikuja na koti lake.

"Nani kaamuru?"

"Mimi," Mzee akasema.

"Unajua hii mali ya umma? Unajua hujuma ni nini, Mzee Feruzi?"

Neno lile, vijana, siku zile halikuwa neno la kutupiana. Mtu akishaitiwa hujuma alikwenda kujieleza, na majirani zake walianza kuzungumza kwa sauti ya chini.  Bwana Ugavi akamwambia kwamba kamati kubwa ya serikali inakuja kulitazama gari likifanya kazi. Ikiridhika, yatanunuliwa mengine mengi, kila kambi lake, na ya akiba. Mpira mpya utaletwa kwa ndege. (Mpira ule ulipanda ndege kabla yangu mimi.) "Siku hiyo chakula kikiwa kizuri, haya tutayasahau," akasema. "Kikiharibika, utakwenda kujieleza kwengine, na atakayekuuliza si mimi."

Mnaona alivyobanwa. Akipika vibaya, yeye ndiye mhujumu, ushahidi umo kwenye kifuniko. Akipika vizuri, magari yananunuliwa. Na mchele wakati ule ulikuwa wa kupangia foleni. Mke wangu Mwajuma alikuwa akitoka alfajiri kwenda kusimama, na siku nyingine akirudi na kikapu kitupu, amefika mbele na gunia limekwisha. Sisi jikoni tulijua vizuri kuliko wengi kwamba fedha za serikali zinazonunua magari ndizo hizo hizo zinazonunua mchele. Mzee alijua. Nilimwona akisimama mbele ya lile gari, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza sufuria.

Nikampa shauri langu. Nikasema tupike kwenye mafiga kwa siri, wali tuupakie ndani ya gari, wakubwa wale waridhike, naye apone.

"Wali wangu ukalisifie gari lao?" akanijibu. "Hapana, Vuai."

"Basi upike vibaya kidogo tu, Mzee."

Alinitazama kwa huzuni. "Toka nnashika mwiko sijampa mtu chakula kibaya kwa makusudi. Nianze leo, kwa kumwogopa nani?"

Aliyetuokoa alikuwa mkewe, Bi Zuhura. Nilikuwa nimekwenda kwao Ng'ambo alasiri, naye amekaa ukumbini anachambua mchele kidogo alioupata, chembe moja moja.  Bi Zuhura akasema bila ya kuinua macho, "Chombo kisichotoa ukoko, si mkipikie kisichotaka ukoko?"

"Kipi?" Mzee akauliza.

"Bokoboko."

Mzee akacheka, kicheko cha kwanza kukisikia kwake tangu mpira uungue. Na ilikuwa kweli tupu. Bokoboko, chakula cha Idi, ni ngano na nyama, inataka moto mdogo wa muda mrefu na chombo kilichozibwa, na ikishika chini tu imeharibika. Gari lile lilizaliwa kupika bokoboko bila ya wenyewe kujua. Bwana Ugavi alipoombwa gunia la ngano alilitoa mara moja, kwa kuwa ngano ilionekana ya kisasa kuliko mchele.

Siku ya kamati lilitandwa turubai uwanjani, zikapangwa meza. Bwana Falk alikuja na tai. Mkuu wa kamati alikuwa Mzee Songoro, mtu mzima, mnene wa shingo, zamani mchukuzi wa bandarini, mikono yake inaifunika sahani. Mzee Feruzi aliwekwa karibu na gari na nyuma yake askari wawili. Wote wawili walikuwa wateja wetu wa ukoko, na hawakuweza kumtazama usoni. Mimi nilipakua. Nilitia samli juu, na nyingine ikamwagikia meza ya wakubwa.

Mzee Songoro alikula kijiko kimoja. Akala cha pili.

"Nani kapika hii?"

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Mzee Feruzi. "Na gari."

"Tamu. Wallahi tamu. Toka mama yangu afe sijala bokoboko kama hii."

Bwana Ugavi akavuta koti lake. "Hayo ndiyo mambo ya kisasa, Mheshimiwa." Bwana Falk alipotafsiriwa akatabasamu kwa meno yote. Mimi nikamtazama Mzee wangu nikasema moyoni, umepona, na magari yanakuja.

Mzee Songoro akasogeza sahani aongezwe. "Na kesho askari watakula nini?"

"Bokoboko," akasema Mzee Feruzi.

"Na kesho kutwa?"

"Bokoboko, Mheshimiwa."

Kijiko kikasimama. "Kwani Idi ngapi hizo?"

"Gari hili lapika bokoboko vizuri sana. Wali laupika kama wa mtu aliye kitandani. Nimeambiwa leo nipike kizuri, basi nimepika kizuri kinachowezekana."

"Na ngano inatoka wapi?"

Hapo Mzee angesema nini, sijui. Bwana Falk alimwahi. Alipotafsiriwa swali lile uso ulimng'aa, akasimama kabisa, na mkalimani akawa anamkimbiza: kampuni yake inaweza kuleta na ngano pia, kwa meli zile zile, kwa bei ya kirafiki, mkataba anao tayari mkobani. Alifurahi kwa dhati, mtu wa Mungu. Nadhani hakuwa amelala usiku akitafuta kitu kingine cha kutuuzia, na sasa kimekuja chenyewe.

Mzee Songoro akaweka kijiko chini. "Yaani tununue gari, kisha tulinunulie gari na chakula chake." Akamgeukia Bwana Ugavi. "Watu wapanga foleni ya mchele toka alfajiri, wewe wanitafutia na foleni ya ngano?"

Bwana Ugavi akaona maji yanazidi unga, akatafuta pa kuutupa mzigo. Akanyosha kidole kwenye kifuniko. "Gari halina kasoro, Mheshimiwa. Mwenye kasoro ni mpishi. Yatazame madoa yale. Hujuma! Kaweka makaa ya moto juu yake."

 Wale askari wawili nyuma ya Mzee wakakaa sawa. Nilijua kwamba sasa tumefika.

Mzee Songoro aliinuka, akaenda mpaka kwenye gari, akapitisha kiganja juu ya madoa.

"Kaweka makaa juu?"

"Naam, Mheshimiwa."

"Ulikuwa ukipika nini?" akamuuliza Mzee Feruzi.

"Wali, Mheshimiwa."

"Ukapalia."

"Nikapalia."

Mzee Songoro akamgeukia Bwana Ugavi, na kwa kweli hakuwa akifanya mzaha, alikuwa akitaka kujua. "Sasa wali ungeiva vipi bila ya kupalia?"

Bwana Ugavi akajifuta jasho kwa mkono wa koti. Pale uwanjani, ukimtoa Bwana Falk, hakuna mtu ambaye hajapata kula wali wa kupaliwa.

"Kwako, mkeo hapalii?"

"Anapalia, Mheshimiwa."

"Basi na yeye tumkamate."

Kwanza alicheka dereva wa Mzee Songoro, kisha kamati, kisha uwanja mzima, na wale askari wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Feruzi peke yake hakucheka. Alisimama vile vile, machozi yanamtiririka, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, na mimi nikalia naye, upawa mkononi.

Magari mengine hayakuja. Msinielewe vibaya, si kwamba nchi iliongoka siku ile. Baada ya muda Bwana Falk alituuzia mahema yenye bitana ya sufu, na yalikaa ghalani miaka, na panya walizaa humo kwa raha. Bwana Ugavi alihamishiwa ofisi nyingine. Uzeeni alikuwa akija kwangu Idi, anakula, na koti hatulitaji. Nilimuuliza Mzee Feruzi mara nyingi kama majibu yale aliyapanga au yalimtoka tu. Alikuwa na neno moja: "Nimeulizwa, nimejibu." Mpaka tunamzika sikujua, na siku hizi sioni tena haja ya kujua. Alinirithisha mwiko wake, nami nikaushika mpaka juzi nilipomkabidhi mwenzenu.

Gari lilibaki na kazi moja. Kila Idi tulilivuta mpaka karibu na geti tukalipikia bokoboko, na watu wa Kiembe Samaki, majirani wa kambi, wakawa wanakuja na mabakuli yao, watoto mbele. Ikawa desturi mpaka kutu ilipolishinda. Ukipiga hesabu ya bei ya gari lile, sidhani kama imepata kupikwa duniani bokoboko ghali kama ile. Ilikuwa tamu, nashuhudia. Nilipata kazi niliyoiona tusi ikawa neema, nikapata mwalimu, nikapata watu wa kuwalisha. Namshukuru Mungu kwa yote, na friji la Bwana Ugavi pia, kwa kuwa lilinipa cha kusimulia.

Na kifuniko? Kifuniko kinakaa sawasawa juu ya sufuria yangu kubwa, ile ya shughuli, kama kwamba vilifuliwa pamoja. Kile chuma kizito cha Ulaya kinashika moto wa makaa kuliko kifuniko chochote nilichopata kukitumia, na sasa hakina mpira wa kuungua. Juzi Mwajuma alipika wali wa nazi wa kuwapa jamaa, mimi nikapalia, makaa nikayapanga juu ya madoa yale yale ya Mzee Feruzi. Asubuhi hiyo alipita yule mlinzi aliyenipekua, anarudi kwao kutoka lindo, macho mekundu, akaingia kunijulia hali na kuona haya kidogo. Nikamwambia akae. Ukoko ulitoka mzima, mwekundu, ukilia. Jamaa wote wakanyosha sahani. Nikautia wote katika sahani yake.

"Kwani mimi, Babu?" akaniuliza.

"Sheria si yangu," nikamwambia. "Kula, mwanangu. Huo nchi nzima ilishaulipia zamani."